Kikokotoo cha Rundo Chastahili Nafasi Shuleni Kwetu

Muhula huu yamezuka maneno mengi bwaloni na mabwenini juu ya kikokotoo kilichotengenezwa na Chama cha Kompyuta cha shule yetu. Wako wanaokisifu, wako wanaosema ni mchezo wa kupotezea wakati, na wako walioomba kifutwe katika mashine zote kabla ya mitihani kufika. Mimi nasema kibaki, tena kifundishwe. Naomba nieleze sababu zangu, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kwanza ni haki kukieleza kitu chenyewe kwa wale ambao hawajakiona. Vikokotoo tulivyovizoea hutaka alama ikae katikati ya namba: tatu, jumlisha, tano, kisha sawasawa. Hiki chetu hakina alama ya sawasawa wala hakina mabano. Waandika namba kwanza, kazi baadaye, hivi: 3 5 +. Kila namba uiandikayo huwekwa juu ya rundo, kama sahani zinavyopangwa jikoni zikisha kuoshwa. Sahani iliyowekwa mwisho ndiyo itakayochukuliwa kwanza, wala hapana mtu achomoaye ya chini. Ukiandika alama ya kujumlisha, mashine huchukua namba mbili za juu, huzijumlisha, na jawabu hulirudisha juu ya rundo, likingoja kazi nyingine.

Tuchukue hesabu ndogo: jumla ya 3 na 5, izidishwe kwa tofauti ya 10 na 4. Katika daftari twaandika mabano mawili. Katika kikokotoo cha rundo twaandika 3 5 + 10 4 - * basi. Alama ya kujumlisha inapofika, 3 na 5 huondoka na 8 huingia. Kisha 10 na 4 hukaa juu ya ile 8. Alama ya kutoa huzichukua hizo mbili na kuacha 6. Sasa rundo lina 8 na 6 tu, na ile nyota ya mwisho, ambayo ni alama ya kuzidisha, huacha 48. Hakuna kilichopotea wala kilichofichwa, na hatua zote waweza kuzifuata kwa kidole.

Mtu asidhani kuwa utaratibu huu ni wa ajabu. Mpishi hutenga maji na unga kwanza, ndipo asonge ugali. Hapana asongaye sufuria tupu. Fundi seremala naye huweka mbao mbili pamoja ndipo apigilie msumari. Vitu kwanza, kazi baadaye. Kwa kweli uandishi wa kuweka alama katikati ndio unaotaka sheria nyingi za kukariri.

Wala jambo hili si la jana. Mnamo mwaka 1924 mwanafalsafa wa Poland aitwaye Jan Łukasiewicz alibuni njia ya kuandika mantiki bila mabano, kwa kuitanguliza alama mbele ya vitu vyake. Katika miaka ya 1950 Charles Hamblin wa Australia aliona kwamba alama ikiwekwa nyuma badala ya mbele, kompyuta hupata wepesi mkubwa, maana husoma kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Mwaka 1968 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa mashine ya mezani, HP 9100A, iliyofanya kazi kwa rundo na iliyoweza kupangiwa kazi. Mwaka 1972 kampuni hiyo hiyo ilitoa HP-35, iliyotosha mfukoni, na bei yake ilikuwa dola 395. Huko Bell Labs nako Robert Morris na Lorinda Cherry waliandika programu ya rundo yenye jina la herufi mbili tu, dc, ambayo hata leo yapatikana bure kwa kompyuta za Linux. Basi wenzetu wa Chama cha Kompyuta hawakuzua kitu kipya. Wamefuata njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wenye akili, isipokuwa wao wameijenga juu ya lugha ya skripti iitwayo Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi.

Sababu yangu ya kwanza ya kukitetea ni kwamba kinaondoa ugonjwa wa kutojua kazi ipi ianze. Wengi wetu tulifundishwa MAGAZIJUTO katika shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo ni zuri kwa kukumbuka, lakini limewapotosha wengi. Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hesabu hii: 10 − 4 + 3. Atakumbuka kwamba JU hutangulia TO, atajumlisha 4 na 3 kupata 7, kisha atatoa 7 katika 10 na kusema jawabu ni 3. Jawabu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa zamu kutoka kushoto. Katika rundo hawezi kuficha alichokusudia. Akiandika 10 4 - 3 + atapata 9. Akiandika 10 4 3 + - atapata 3, na mwalimu ataona papo hapo kwamba kijana huyu alikusudia hesabu nyingine.

Vikokotoo vyenyewe navyo havikubaliani. Kile kidogo cha dukani, ukibonyeza 2 + 3 × 4, hukupa 20, maana hufanya kila kazi inapofika. Kile cha sayansi hukupa 14. Na ukiandika 6 ÷ 2(1 + 2), vikokotoo vingine vya sayansi hutoa 1 na vingine hutoa 9, kwa kuwa watengenezaji hawakuafikiana juu ya kuzidisha kusikoandikwa alama. Vijana wamegombana bwenini kwa hesabu hiyo mpaka taa zikazimwa, kila mmoja akiinua mashine yake kama shahidi. Katika rundo ugomvi huo hauna mahali pa kuanzia. Anayetaka 9 huandika 6 2 / 1 2 + * na anayetaka 1 huandika 6 2 1 2 + * / basi. Mashine haikisii nia ya mtu. Mtu mwenyewe ndiye ajuaye nia yake.

Sababu ya pili ni kwamba kikokotoo hiki hufundishika maneno mapya. Katika kikokotoo cha chama chetu kuna maneno machache ya kuanzia: rudufu, ambalo huiga namba ya juu; geuza, ambalo hubadilishana nafasi za namba mbili za juu; na tupa, ambalo huondoa namba ya juu. Mengine twajitungia. Ukiandika neno mraba rudufu * mwisho, umekwisha kuifundisha mashine maana ya mraba. Tangu hapo ukiandika 7 mraba hupata 49. Na neno hilo laweza kutumiwa kujenga neno jingine, kama matofali yajengavyo ukuta.

Faida yake naionyesha kwa jaribio la pendulamu, ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hulifanya. Twapima urefu wa uzi, twapima muda wa mizunguko 20, twatafuta muda wa mzunguko mmoja, kisha mraba wake. Hesabu hiyo hiyo hurudiwa kwa kila urefu, mara sita au saba, na mkono huchoka. Kwa kikokotoo cha rundo twaandika mara moja: neno kipindi 20 / mraba mwisho. Kisha uzi wa mita 0.50 ukitupa sekunde 28.4, twaandika 28.4 kipindi na jawabu ni 2.0164. Tukizidisha 0.50 kwa nne na kwa mraba wa pai, kisha tukagawanya kwa 2.0164, twapata nguvu ya mvutano karibu 9.79, jambo ambalo litamfurahisha mwalimu yeyote.

Lakini hapa pana funzo kubwa zaidi. Mwanafunzi akikosea kusoma saa, akaandika 24.8 badala ya 28.4, mashine haitanung'unika. Itampa 1.5376, na mvutano wake utakuwa karibu 12.84. Aliyeelewa fizikia atashtuka, maana hakuna mahali juu ya uso wa dunia penye mvutano wa namna hiyo. Asiyeelewa atanakili na kwenda kulala. Kikokotoo hufanya kazi ya mkono, na kazi ya kichwa hubaki palepale ilipokuwa. Ndiyo maana siwaogopi wasemao kitatufanya wavivu. Huwezi kuitungia mashine neno la jambo usilolijua. Atakayeandika neno la kutafuta vipeuo vya mlinganyo wa kwadratiki ni lazima awe amekwisha kuielewa kanuni yake kuliko yule aliyeikariri, kwa kuwa mashine humwuliza kila hatua: namba ipi iko juu, ipi iko chini, na sasa tufanye nini?

Sababu ya tatu ni kwamba hiki ni kikokotoo chenye mlango wazi. Kile cha mfukoni ni sanduku lililofungwa. Ukikifungua utaona vipande vidogo vyeusi na hutaelewa lolote. Hiki kimeandikwa kwa Python, na maandishi yake hayazidi kurasa mbili za daftari. Rundo lenyewe ni orodha tu. Mstari ulioandikwa hukatwa penye nafasi. Kila kipande kikiwa namba, huongezwa mwisho wa orodha. Kikiwa alama, namba mbili za mwisho huondolewa, hukokotolewa na jawabu huongezwa. Maneno yaliyotungwa na wanafunzi hukaa katika kamusi, na neno likiitwa, mashine hulifungua katika kamusi na kusoma maana yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kuyasoma hayo jioni moja na kuyaelewa.

Na humo ndani kuna mambo ya kujifunza ambayo hayamo katika kitabu chetu cha hesabu. Lipo suala la kutoa: katika 10 4 - namba inayoondoka kwanza juu ya rundo ni 4, lakini yatupasa kutoa 4 katika 10, wala si 10 katika 4. Asiyeangalia ataandika programu inayojumlisha vizuri na kutoa vibaya, na kwa kuwa 5 + 3 na 3 + 5 ni sawa, hataligundua kosa mpaka siku ya kutoa au kugawanya. Liko pia suala la desimali. Python ya kawaida ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Si kwamba imerogwa. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa msingi wa mbili, na sehemu moja ya kumi haiishi katika msingi huo, kama vile sehemu moja ya tatu isivyoisha katika msingi wetu wa kumi. Wenzetu waliutibu ugonjwa huo kwa kutumia sehemu ya Python iitwayo decimal, ambayo huhesabu kwa msingi wa kumi kama sisi. Tena namba nzima za Python hazina mpaka ila ukubwa wa kumbukumbu ya mashine. Mbili ikizidishwa yenyewe mara mia, kikokotoo cha mfukoni hukata mkia na kuandika vipeo vya kumi. Hiki chetu huandika tarakimu zote 31: 1267650600228229401496703205376.

Chama kilitahadharishwa pia juu ya njia moja ya mkato. Python ina amri iitwayo eval, ambayo huchukua maandishi yoyote na kuyatekeleza. Kwa amri hiyo mtu aweza kutengeneza kikokotoo cha mstari mmoja. Lakini amri hiyo hutekeleza lolote, hata likiwa ni la kufuta mafaili ya wengine. Njia ya mkato ina miiba. Rundo letu hukubali namba na maneno yaliyomo katika kamusi tu, na lolote jingine hulikataa kwa adabu.

Sababu ya nne yanigusa zaidi kuliko zote. Hesabu tuliianza kwa Kiswahili, na tulipofika sekondari tuligeuziwa lugha katikati ya njia. Wako wenzetu waliokuwa hodari sana Darasa la Saba wakawa bubu Kidato cha Kwanza, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno. Katika kikokotoo hiki maneno ni yetu: rudufu, geuza, tupa, mraba, wastani. Sisemi kwamba tuache Kiingereza. Mitihani yetu iko katika lugha hiyo na vitabu vingi vya Python vimeandikwa kwayo. Nasema kwamba mtu akiona mashine inatii amri ya lugha aliyonyonya nayo maziwa, huacha kuidhani kuwa ni mali ya watu wa mbali. Niliona kijana wa Kidato cha Kwanza akitunga neno eneo kwa ajili ya duara, kisha akaita wenzake watatu waje kuona. Kijana huyo hakuambiwa na mtu kufanya hivyo.

Sasa nije kwa wapinzani, maana si vema kuwapita kimya. Hoja yao kubwa ni mtihani. Wasema, na ni kweli, kwamba katika mtihani wa Taifa haturuhusiwi kuingia na kikokotoo cha kupangiwa kazi. Katika somo kama fizikia huruhusiwa kile kisichopangika tu. Wauliza basi, ya nini kujifunza kwa chombo tusichoingia nacho? Mimi naiheshimu sheria hiyo na naiona ni ya haki, kwa kuwa mashine ipangikayo yaweza kuficha kanuni zote za kitabu. Lakini ramani ya ukutani nayo hatuingii nayo mtihanini, wala maktaba, wala mwalimu mwenyewe. Hata hivyo hapana asemaye tuvifukuze shuleni. Twajifunza kwa vingi ili tuingie na kichwa kimoja.

Wengine wasema kompyuta ina kikokotoo chake tayari. Ni kweli, na kwa kujumlisha bei za daftari chatosha. Ila hicho hakikuonyeshi hatua zako na hakikupi kazi ya kufikiri.

Tena nakiri kwamba kikokotoo cha rundo kina taabu zake. Anayeanza huchanganyikiwa siku mbili tatu. Maneno yakiwa marefu, hata aliyeyatunga aweza kusahau rundo lilikuwaje katikati, asipoandika maelezo pembeni. Na umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi kamusi, kazi ya jioni nzima hupotea. Kompyuta zetu nazo ni chache kuliko wanafunzi. Taabu hizi ni za kweli, lakini za chache hizo dawa yake ni ratiba, na za umeme dawa yake ni daftari. Kila neno liandikwe daftarini kwanza, lifuatwe kwa penseli, rundo lichorwe hatua kwa hatua, ndipo mtu aende kwenye mashine. Atakayefanya hivyo atatumia dakika kumi za kompyuta mahali ambapo mwenzake atatumia saa nzima.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mambo matatu. Mkuu wa Shule atupatie jioni moja kwa juma katika chumba cha kompyuta kwa kazi hii, vidato vikipokezana. Walimu wa fizikia na hesabu wakubali kupokea, pamoja na majawabu, maneno ambayo mwanafunzi aliyatunga, ili waone njia yake. Na Chama cha Kompyuta kisikigawe kikokotoo kilichokamilika kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, bali kiwape orodha tupu na kamusi tupu, wakijenge upya kila mwaka kwa mikono yao. Kitu cha kupewa hakina uchungu. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mitihani, na itakuwa hasara ikiwa waliobaki watajua kukitumia wasijue kilivyojengwa.

Mwenye hoja ya kunipinga namkaribisha katika toleo la muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne